Kibali cha Mama Mkwe

Hapo zamani, enzi ambazo watu waliingia mjini kwa lango moja na kutoka kwa lango hilohilo, palikuwa na mshona viraka katika mji wa Barizani, jina lake Shekuwe. Kanzu za mji mzima zilipita mikononi mwake, na yake mwenyewe ilikuwa viraka vitupu, hata haikujulikana kipi kilikuwa kitambaa cha asili. Mali hakuwa nayo, ila ulimi alikuwa nao, na mke alikuwa naye, Esha, mzaliwa wa nchi ya mbali, ambaye alimpenda kuliko macho yake.

Esha alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikwisha kumharibikia, na hii ya tatu aliibeba kwa hofu, akitembea ndani ya nyumba kama mtu aliyeshika yai. Akamwambia mumewe, "Shekuwe, mama yangu asipokuwapo siku hiyo, mimi sitapona." Basi Shekuwe akapeleka salamu, na mama mkwe akaja, mwendo wa siku tisa juu ya punda. Jina lake Bi Kamaria, ajuza mwenye sauti ya kuamrisha na kiuno cha kucheza ngoma. Langoni akapewa kibali cha kukaa siku sitini, chenye muhuri wa nta nyekundu, kama wapewavyo wageni wote, na siku sitini zilitosha kabisa mtoto kuzaliwa na kutiwa wanja.

Lakini mja hupanga, Mola hupangua. Siku ya ishirini ikaingia homa ya kikohozi, na watu wakaogopa. Aliyeogopa kuliko wote alikuwa Sultani Badrani mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya, kijana yule, ila kila akishikwa na hofu alitoa amri, na hofu ilimshika asubuhi, adhuhuri na alasiri. Na desturi ya enzi ile ilikuwa kwamba neno la Sultani halifutwi. Amri mpya ilibandikwa mlangoni pa kasri kando ya ile ya jana, hata mbao za mlango zisionekane.

Siku hiyohiyo ikabandikwa amri kwamba lango lifungwe, asiingie mtu. Ikabandikwa nyingine, kwamba mtu asiye wa nyumba moja na mgeni, akimgusa, afungiwe naye nyumba hiyo siku arobaini, asitoke yeyote, wote walishwe kutoka jiko la Sultani. Kisha hofu ikageuka upande, ikaja amri kwamba mgeni ambaye kibali chake kimekwisha ashikwe mkono na askari, apandishwe ukutani, ateremshwe nje ndani ya kapu.

Bi Kamaria alipoisikia hiyo ya kapu akasema, "Mimi? Kapu? Mimi ni ndizi?" Lakini Esha akalia, maana kibali kingekwisha Ijumaa, na mkunga alihesabu bado siku kumi na moja kutoka Ijumaa hiyo. Machozi yale yalimchoma Shekuwe. Akavaa viraka vyake, akaenda kasri. Majirani wakamcheka njiani: "Wenzio huomba mkwe aondoke, wewe unaomba abaki! Umelogwa?"

Akaingia barazani, akainama. "Sultani mtukufu, udumu. Nakuja kuombea mkwe wangu siku za nyongeza."

"Kibali huongezwa na karani wa lango," akasema Sultani.

"Nimemtafuta, maulana. Lango lilipofungwa, yeye alikuwa upande wa nje."

"Basi mkweo atoke, amwone karani, arudi."

"Akitoka, atarudije, na amri yasema asiingie mtu?"

Sultani akafikiri, akaona njia imeziba, na badala ya kuona haya akacheka. "Hayo ni yako. Niletee muhuri wa karani kabla ya Ijumaa, na mkweo atakaa. Usipouleta, kapu lipo tayari."

"Au Sultani afute amri moja tu, iliyo ndogo."

"Neno langu halifutwi!"

"Hata moja?"

"Hata nukta!"

Shekuwe akainama mara ya pili, chini kuliko ya kwanza. "Nimesikia, maulana, na baraza hili ni shahidi wangu." Akatoka, akasimama mbele ya mlango ule wa amri, akazisoma zote tangu juu hadi chini, jua likimchoma utosini. Alikuwa mtu wa viraka, alizoea kutazama pale ambapo kitambaa kimoja kinakutana na kingine. Alipomaliza akaondoka akipiga mluzi.

Ijumaa wakaja askari wawili, na mnadi wa mji akiwafuata, maana amri ilitekelezwa mbele ya mnadi. Shekuwe akawapokea mlangoni. "Karibuni, mabwana. Mkwe yuko tayari. Lakini tafadhalini, mambo yaende kama yalivyoandikwa. Imeandikwa ashikwe mkono."

"Twajua kazi yetu," akasema mmoja, akaingia, akamshika Bi Kamaria mkono.

Shekuwe akatoa kitambaa chekundu mfukoni, ambacho kilikuwa alama ya nyumba iliyofungiwa, akakifunga mlangoni. "Ewe mnadi, bwana huyu ni wa nyumba yetu?"

"Siye."

"Amemgusa mgeni?"

"Amemgusa."

"Basi yasemaje amri?"

Mnadi alikuwa mtu wa haki, na tena alipenda kusikia sauti yake. Akapaza, "Nyumba ya Shekuwe imefungiwa siku arobaini! Asitoke mwenyeji, wala mgeni, wala askari! Chakula kitoke kasri!"

Askari akauachia ule mkono kama kaa la moto, lakini maji yalikwisha mwagika. Mwenzake akakimbilia kasri. Jumamosi akaja na watatu, wenye amri kali zaidi. Wakamshika Bi Kamaria, na mnadi akahesabu arobaini upya. Jumatatu akaja Jemadari Famau, mkuu wa askari wote, na wanne nyuma yake, akaapa kwamba yeye atamtoa hata kwa mbeleko. Jumanne jemadari alikuwa ukumbini kwa Shekuwe, ameketi kitako, anachambua mchele.

Nyumba ikajaa askari, na Bi Kamaria hakuwa mtu wa kuwatazama wakikaa bure. Mmoja alichota maji, mwingine akatwanga, na jemadari akafundishwa kupika uji wa pilipili manga wa kumpa mzazi. Mara ya kwanza akauunguza, akaambiwa maneno ambayo hajapata kuambiwa vitani. Pilau ya Sultani ikaja kila adhuhuri kwa sinia, na Shekuwe, ambaye tangu utoto alikuwa akiinusa pilau ile ukutani tu, akala mpaka akaona haya.

Siku ya kumi na moja Esha akashikwa na uchungu. Askari wote wakajikunyata ukumbini, mashujaa wale, wameshikana mikono. Shekuwe alikaa mlangoni pa chumba na hakuwa na mzaha hata mmoja uliobaki. Alisikia sauti ya mkwewe ikisema, "Nipo, mwanangu, nipo hapa," ikarudia hivyo saa baada ya saa, na kabla ya alasiri akasikia sauti nyingine, nyembamba na yenye hasira, ambayo haijapata kusikika duniani. Akalia waziwazi. Jemadari akamfuata.

Basi Sultani, alipoona kasri lake halina hata mtu wa kumfungulia mlango, akaja mwenyewe, mnadi nyuma yake. Akasimama barabarani hatua saba kutoka mlangoni. "Shekuwe! Umeniibia jeshi!"

Shekuwe akatokeza dirishani, macho mekundu. "Sijaiba, maulana. Neno lako halifutwi, nami sijafuta hata nukta. Wote humu wamefungiwa na wewe."

Ndipo mlango ukafunguka, akatokea Bi Kamaria na mjukuu kifuani, uso umechoka na unang'aa. Akamwona kijana amesimama juani anakunja uso, naye hakujua kuwa ni nani, wala hakuuliza. Akanyoosha mkono wake mkavu wa bibi, akangoja ubusiwe.

Sasa Sultani Badrani alilelewa na nyanya yake, na mtoto aliyelelewa na nyanya haachi mkono wa mkubwa ukining'inia hewani. Kabla hajafikiri, alikwisha zitembea zile hatua saba, ameushika, ameubusu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo umwone mtoto."

Shekuwe akaipapasa shingo yake kama mtu anayeiaga, maana hili hakulipanga. Mnadi akatazama chini. Sultani akautazama mkono wake, akakitazama kitambaa chekundu, akawaona askari wake tisa na jemadari wamejaa ukumbini, mwiko mkononi.

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Mnadi," akasema, "unangoja nini? Hesabu arobaini upya." Akainama, akaingia. "Nipisheni. Uji umebaki?"

Akakaa zote arobaini, akala pilau yake mwenyewe katika sinia la watu wanane. Siku ya tatu aliomba wino, akaandika amri moja tu: siku ambazo mwenyeji amefunga lango, mgeni asihesabiwe katika kibali chake. Siku ya kutoka akamwambia Shekuwe, "Amri zangu ni kama kanzu yako. Tangu leo isibandikwe yoyote kabla hujaishika na kutazama inaposhonana na nyingine. Mshahara wako utatoka kasri, na pilau pia."

Homa ikapita, lango likafunguliwa, na kibali cha Bi Kamaria kikahesabiwa. Zilikuwa zimebaki siku arobaini kamili. Shekuwe akashukuru kwa moyo wote. Lakini ilipofika ya thelathini, majirani walimwona asubuhi na mapema zizini, anamsugua punda wa mkwewe na kumtazama kwato, na alipoulizwa akasema, "Namwandaa tu. Safari si jambo la kushtukiza."