Kwa Nini Mfereji wa Olmos Huzibuliwa Kuanzia Mkiani

Hapo kale, New Mexico ilipokuwa bado haijawa jimbo, haina gavana wa kuchaguliwa na watu wake wala bendera yake, watu wa bonde la Olmos walikuwa na mfereji mmoja. Theluji ilipoyeyuka milimani, mfereji uliyatoa maji mtoni na kuyapitisha shamba kwa shamba, katika nchi ambayo mvua huja kama mgeni asiyetaka kuketi. Walijenga kwa tofali za udongo, walilima pilipili, na mambo yao waliyaamua kwa kura uani mwa kanisa, bila kumngoja mfalme. Walijivunia hilo, na haki yao kujivunia. Ila walikuwa na desturi moja mbovu: kila mtu alizibua mfereji mbele ya shamba lake tu, basi.

Shamba la mwisho lilikuwa la Eufemia, mjane mwenye mikono migumu na ulimi mfupi. Miaka miwili mfululizo maji hayakumfikia. Mbegu za pilipili alizorithi kwa mama yake zilikuwa zimebaki kibuyu kimoja. Akizipanda na maji yasije, zimekwisha, na kumbukumbu ya mama imekwenda nazo.

Kwenye mkutano wa masika alisimama akaomba wote washuke wakakate mizizi ya mierebi iliyoziba mfereji kwa jirani yake, Belarmino. Belarmino alikuwa akiteka maji upande wa juu wa mizizi ile, kabla hayajazibwa, kwa hiyo haikumkera hata kidogo.

"Bi Eufemia," alisema huku akicheka, "mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake."

Watu wakacheka naye, wakanyoosha mikono: kila mtu na kwake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Eufemia alilia njia nzima. Alipofika aliweka kibuyu juu ya rafu bila kupanda hata punje, akachukua sepeto akazibua kipande chake, kwa hasira zaidi kuliko kwa matumaini.

Mwaka huo joto lilikuja ghafla na theluji ikayeyuka kwa mkupuo. Maji yalishuka kwa kishindo mpaka kwenye mizizi ya Belarmino, yakakosa njia. Maji yaliyozuiwa chini hurudi juu. Yalifurika kwa Belarmino, yakapanda kwa jirani yake wa juu, na kwa wa juu yake tena, yakizoa matuta, miche na udongo wenyewe. Jua lilipotua bonde zima lilikuwa tope, isipokuwa shamba la Eufemia, kavu kama kawaida yake.

Asubuhi walijipanga mlangoni pake, kofia mikononi. Mbegu zote walikuwa wamekwisha kuzipanda, na zote zilikuwa zimekwenda na maji. Ukweli usemwe: Eufemia alifurahi kuwaona wamenywea hivyo. Alifurahi sana. Angeweza kufunga mlango, na nani angemlaumu? Lakini alipomtazama Belarmino, tope hadi magotini, alijiona mwenyewe wa miaka miwili iliyopita, akikagua matuta yaliyokufa.

"Mbegu nitawapa," alisema, "ila sepeto la kwanza litapigwa kwangu, mkiani. Tutazibua kwenda juu, wote, mpaka mtoni. Na hakuna atakayefungua lango la maji la shamba lake kabla maji hayajanifikia."

Belarmino ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika sepeto. Walikata mizizi, wakainua kingo, na maji yaliposhuka tena yalipita mashamba yote bila kuguswa, yakaingia kwa Eufemia yakinong'ona. Alipiga magoti akalowesha mikono. Kisha akapaza sauti: "Yamefika!"

Alipogawa mbegu kibuyu kilibaki kitupu. Vuli ilipofika, kwenye kila mlango wa Olmos lilining'inia shada la pilipili nyekundu, na uani mwa kanisa walimpigia kura Eufemia awe msimamizi wa mfereji.

Na tangu siku hiyo, New Mexico ikiwa na gavana au bila gavana, watu wa Olmos huanza kuzibua mfereji kutoka mkiani. Mashada ya pilipili bado yananing'inia milangoni. Na masika yakiingia, mwenye shamba la juu kabisa, hata awe tajiri wa namna gani, husimama kando ya lango lake lililofungwa, ameinamisha sikio, akingoja sauti ipande bondeni, shamba kwa shamba, mpaka imfikie: "Yamefika!"