Fundi Mitambo na Mluzi wa Spika

Wapendwa, somo mmelisikia likisomwa. Sasa hebu niwapeleke kidogo kwenye tamasha la kwaya.

Kulikuwa na fundi mitambo mmoja, mtu wa kazi hasa. Akifunga spika zake, hata kiziwi anatikisa kichwa. Siku hiyo kwaya zilikuwa zimekusanyika katika uwanja wa shule, na wazee wa jimbo wamekaa mstari wa mbele. Fundi alikuwa amepenyezewa kwamba wanatafuta mtu wa kukabidhiwa mitambo ya jimbo zima. Basi tangu asubuhi alikuwa akikaguakagua waya zake, hata chai hakunywa.

Kwaya mbili za mwanzo ziliimba vizuri. Ya tatu ikapanda jukwaani, na mbele yake akasimama mama mmoja ambaye alikuwa na miaka miwili hajaimba, tangu amzike mumewe. Wenzake walimbembeleza wee mpaka akakubali. Akaanza ubeti wa kwanza kwa sauti ndogo, fundi akaiongeza, na papo hapo spika zikapiga mluzi.

Mnaujua ule mluzi? Ule unaopasua kichwa, watoto wakaziba masikio na mbwa akaondoka uwanjani?

Fundi akapunguza sauti. Mluzi ukatulia kidogo, kisha ukarudi. Akavaa hedifoni, zile kubwa za kufunika masikio yote mawili, ili apime waya mmoja mmoja pale mezani kwake. Akaanza na kinanda. Kinanda kizima. Gitaa zima. Jasho likamwingia machoni. Mtu akishikwa na hofu hutafuta wa kumtwisha, si ndiyo? Fundi akaanza kunung'unika peke yake. Akasema huyu wa kinanda hajui kitu, anabonyezabonyeza tu. Akasema wale wa sauti ya nne wanapiga kelele kama wanaswaga ng'ombe. Kila mtu akapata lake.

Akavua hedifoni, mluzi bado upo. Akainua macho, akakuta watu wamegeuka wanamtazama. Si wawili, si watatu. Wazee wa jimbo nao wamegeuka. Akawaza, nimekwisha, wanasema mimi ndiye sijui kazi. Akarudisha hedifoni masikioni haraka ili asiwasikie.

Ikabaki maiki ya yule mama. Hiyo wala hakuipima, alikuwa ameshaamua. Akasema, “Ni huyu mama. Anaishika maiki kama mwiko. Sauti yake ilishazikwa na mumewe, sijui wamempandisha wa nini.”

Jukwaani yule mama akanyamaza. Akaiweka maiki yake chini taratibu, akashuka ngazi, akapita katikati ya watu bila kumtazama hata mmoja. Fundi alimwona akiondoka, na moyoni akashukuru. Akavua hedifoni asikilize. Mluzi ulikuwa palepale.

Mwalimu wa kwaya akashuka, akavuka uwanja mzima mpaka pale mezani. Hakugomba. Alinyoosha mkono karibu na kiwiko cha fundi, ilipokuwa imelala maiki moja ambayo fundi mwenyewe aliitumia asubuhi kujaribia, moja, mbili, tatu. Akaizima. Mluzi ukakoma.

“Ilikuwa hii,” mwalimu akasema. “Na maneno yako tumeyasikia, fundi. Tangu yale ya kinanda.”

Maiki yake ilikuwa wazi, imezielekea spika zake mwenyewe. Mluzi ulitoka humo, na kila alichokisema kilitoka humohumo kikaenda uwanja mzima. Pale uwanjani asiyesikia alikuwa yeye peke yake, kwa kuwa alikuwa amejiziba masikio.

Fundi akainuka akakimbia mpaka getini, hedifoni zinaning'inia shingoni. Barabara ilikuwa tupu. Aliporudi, mwalimu akamuuliza kama sasa mitambo iko sawa.

“Iko sawa,” fundi akajibu, na machozi yakamtoka. Ilikuwa sawa kabisa. Mwimbaji ndiye hakuwepo.

Msimcheke, wapendwa. Sisi tukiona aibu inatunyemelea, tunafanya nini? Nyumba ikiyumba, kwaya ikipasuka, tunampima huyu, tunampima yule, na ya kwetu hatuigusi. Tena tunasema. Tunasema jikoni, tunasema kwenye foleni ya maji, tunasema kwenye lile kundi letu la simu, tukidhani tuko wenyewe. Mungu anasikia, hilo tunalijua, na tumelizoea mpaka halituogopeshi tena. Leo nawaambia habari za anayesemwa. Naye anasikia. Maneno yetu yanamfikia yote, kama tulivyoyasema.

Tazameni benchi la tatu, upande wa akina mama, pale dirishani. Pana nafasi pale, sivyo? Aliyekuwa akikaa pale hajafa, wala hajahama. Juzi tumekutana sokoni, akainamisha kichwa akapita. Tulimsema, wapendwa. Na mimi mchungaji wenu nilikuwepo siku ile anasemwa, nikacheka.

Kwa hiyo wimbo wa mwisho hatutauimbia humu ndani. Anayeijua njia ya kwake atangulie, sisi tutamfuata.