Bi Kanga, Swala na Kifundo cha Ngano

Paukwa!

Pakawa!

Mh! Mmeitika kama mnaodaiwa sauti. Tena! Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, kabla trekta halijaijua njia ya uwandani, palikuwa na Bi Kanga. Alikuwa mjane, mama wa vifaranga wengi. Aliishi uwanda wa juu, kwenye upepo mwingi na mvua kidogo. Mvua ya kule ni kama mgeni mwenye haraka. Anabisha hodi, anakunywa chai, ameondoka.

Bi Kanga alilima ngano. Mwaka huo alikuwa na mbegu nzuri, akaona aibu kuibania. Akamwaga, chwaa! Akamwaga tena, chwaa!

"Mama, si nyingi mno?" vifaranga wakauliza.

"Nyamazeni! Nyingi ndiyo shibe."

Mvua ikanyesha. Ngano ikaota. Jamani, iliota! Ikasongamana, kijani mpaka inaumiza macho. Bi Kanga akawa hashikiki. Asubuhi analizunguka shamba. Jioni analizunguka shamba. Jirani yake, Bwana Kwale, naye alimwaga mbegu nyingi vilevile upande wa pili wa mpaka. Basi ikawa ni kutambiana. Langu zuri! Langu zuri zaidi!

Asubuhi moja akaja Swala. Alikuja polepole, tip, tip, tip. Nyuma yake alikuwepo mtoto wake, miguu inatetemeka, mbavu zote nje.

"Hodi, Bi Kanga."

"Karibu, dada. Kulikoni? Mbona mko hivi?"

"Tumetoka bondeni. Mvua iliyonyesha kwenu, kwetu haikufika. Nyasi hakuna. Maziwa yamenikauka, mtoto ananyonya hewa. Nakuomba majani ya ngano yako."

Bi Kanga akaitazama ngano. Akawatazama vifaranga wake. "Dada, hicho ndicho chakula cha wanangu."

"Najua. Ndiyo maana nimeomba. Ningekuwa mwizi, ungenikuta katikati ya shamba."

Mtoto wa Swala akajaribu kulia, mbeee. Sauti haikutoka hata nusu. Bi Kanga akashindwa kuvumilia. Machozi yakamdondoka. Naye ni mama, angefanyaje?

"Kula, dada. Majani tu, mizizi usiing'oe."

"Sitaing'oa."

"Na siku nikikuambia basi, iwe basi."

"Itakuwa basi."

Nyaku, nyaku, nyaku. Swala akala. Kesho yake akala. Siku zikaenda, nyaku, nyaku, nyaku. Bwana Kwale akawa anakimbia mpakani, shingo juu.

"Kwe-kwe-kwe! Njooni muone maajabu! Bi Kanga kageuza shamba malisho! Watoto wake watapikiwa huruma!"

Tusidanganyane, maneno yale yalimchoma. Alilitazama shamba lake, fupi, limenyolewa, akalitazama la Kwale, refu, linapepea. Akajiuliza, je, nimewaua wanangu kwa ajili ya mtoto wa mwenzangu? Lakini maziwa ya Swala yalirudi. Mtoto akaanza kurukaruka. Bi Kanga alipomwona anaruka, alifurahi, basi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Wakulima wa kule walikuwa na desturi. Kila asubuhi Bi Kanga alichukua bua moja la ngano, akalipapasa kwa mdomo, taratibu, kutoka chini kwenda juu. Bua changa ni laini lote. Alipapasa, laini. Alipapasa, laini. Asubuhi moja akapapasa, ko! Kitu kigumu. Kifundo!

Akatimua mbio. "Dada! Basi! Leo ni basi!"

Swala alikuwa ameshabana fungu la ngano katikati ya meno. Mtoto yuko kwenye chuchu, ananyonya. Swala akasema kwa pembe ya mdomo, "Bado kidogo, dada. Bondeni bado kukavu. Huyu hajapata nguvu ya kwenda mbali."

Bi Kanga hakupiga kelele. Akalichukua lile bua, akalipasua kwa mdomo, prrr. "Tazama hapa, dada."

Ndani, juu kidogo ya kifundo, palikuwa na suke. Suke dogo, dogo kuliko ukucha wa kifaranga. Jeupe. Laini. Limelala.

"Huyu ni mtoto," Bi Kanga akasema. "Siku zote alikuwa chini udongoni, meno yako hayakumfikia. Sasa ameanza kupanda. Ukikata majani leo, umemkata na yeye. Bua lake halitabeba tena punje."

Swala akalitazama lile suke. Akamtazama mwanawe. Kisha akaachama polepole, na ngano ikamtoka mdomoni, nzima, ikasimama tena.

"Kumbe na wewe unanyonyesha," akasema.

Akageuka, akamwita mwanawe, wakaondoka. Tip, tip, tip, mpaka hawakuonekana. Bi Kanga akaketi chini akalia kwa sauti. "Nimemfukuza mtoto mchanga! Mimi, mama!"

Mvua ikakatika mapema. Jua likawaka, waaa! Shamba la Kwale, lile refu, lile lililosongamana, lilikuwa limeshakunywa maji yote likiwa bado majani. Masuke yakatoka meupe. Ukiyapura, kapi tupu. Lakini shamba la Bi Kanga lilinyolewa, likanywa kidogo, likachipua upya kutoka shinani, na udongoni kulibaki unyevu. Ngano yake ilikuwa fupi, ndiyo. Lakini punje zilijaa, nzito, zinainamisha suke.

Bwana Kwale akaja, shingo chini. Bi Kanga hakumcheka. Akamwahidi punje za kula, akamwahidi na za mbegu. "Tulipanda mbegu nyingi mno, jirani. Nchi yenye mvua kidogo haitaki hivyo. Mwakani tupande chache."

Wakavuna. Wakapura, pu! pu! Wakapeta, fyuu. Kwale akapimiwa zake. Vifaranga wakala wakashiba. Bi Kanga alikula bila hamu. Kila tonge alitazama bondeni. Yuko hai yule mtoto?

Hata siku moja, kule mbali, akaona wawili wanakuja. Mmoja mkubwa. Mwingine, jamani, mkubwa karibu sawa na mwenzake! Wakafika mpakani, wakasimama. Hawakutia hata ukwato ndani. Shamba lilikuwa limejaa mabua ya njano, makavu, matamu.

"Dada, mbona mmesimama?"

"Uliniambia basi."

"Na hukuja tena? Hata na njaa ile?"

"Tulikula magome. Uliniambia basi."

Bi Kanga akamkimbilia, akamkumbatia mguu, maana ndipo alipofikia. "Ingieni! Wanangu, wale wa ndani ya mabua, wameshatoka shambani. Mabua yote ni yenu!"

Basi, wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia, mafunzo ni haya: mwenye njaa mpe wakati kuna cha kutoa. Nawe uliyepewa, ukiambiwa basi, achia, hata kama kimo mdomoni. Bi Kanga alimlea mtoto wa Swala kwa kutoa. Swala aliwalea watoto wa Bi Kanga kwa kuacha.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeisikia na aende nayo nyumbani.