Kura Iliyorudi Mfukoni

Ngoma haijiwambi. Lazima awepo mtu wa kuikalia, aishike ngozi mbichi na kuivuta mpaka ikaze. Na kwa kuwa mtu huyo ameketi upande mmoja, ngozi nayo huja upande huohuo. Wahenga walipotunga methali yao kuhusu jambo hili hawakumtaja mwamba ngoma mbaya wala mwizi. Walimtaja mwamba ngoma yeyote. Hata hivyo, wengi wetu tukiisikia humfikiria jirani. Fundi cherehani wa hadithi hii alikuwa akiitumia mara kwa mara, na kila alipoitumia alikuwa anawasema wengine.

Watu walimwita Futi. Tepi ya kupimia haikubanduka shingoni mwake, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu mara moja tu, kisha akamtajia kiuno chake bila kukosea. Duka lake lilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa, na dirisha lake lilitazama barabara yenye magari mengi. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia iliyojaa chaki na vipande vya bitana, pasi nzito, na simu iliyoegemezwa kwenye kopo la vifungo. Kila alipomaliza pindo moja Futi aliitupia simu hiyo jicho. Simu ilikuwa kazi yake ya pili, na tukisema kweli ndiyo aliyoionea fahari.

Alikuwa mteuzi katika jukwaa moja la maandishi mtandaoni. Jukwaa hilo halikuwa kama mitandao mingine, ambako watu hupeana vidole gumba kisha kila mtu akalala na njaa yake. Hapa kura ilikuwa na uzito, na uzito huo uligeuka sarafu za jukwaa: nusu kwa mwandishi, nusu kwa waliompigia kura. Kila chapisho lilikuwa na siku saba za kuvuna, na baada ya hapo mlango wa malipo ulifungwa. Tena kila kilichotendeka, iwe kura iliyotolewa au kura iliyoondolewa, kiliandikwa katika mnyororo wa kompyuta nyingi ambao hakuna aliyeweza kuufuta, hata waliolijenga jukwaa lenyewe.

Kwa kuwa kura ya mtu mmoja ilikuwa nyepesi kama unyoya, wanachama wengi walilikopesha kundi moja uzito wao, na kundi likawa na wateuzi watatu: mwanamke mmoja mwokaji mikate, kinyozi mmoja, na Futi. Hawa ndio waliosoma machapisho mapya, wakahakikisha hayakuibwa mahali pengine na kwamba picha ni za mwandishi mwenyewe, kisha wakapendekeza yanayostahili. Ufunguo wa akaunti ya kundi ulikuwa mikononi mwa Futi. Wenzake walipendekeza, naye akabonyeza.

Alipewa ufunguo huo kwa sababu nzuri. Wateuzi waliomtangulia waliwatunza mashemeji zao, wakwe zao, na hata jamaa mmoja aliyeandika “Habari za asubuhi” chini ya picha ya kikombe, basi. Wanachama walipogundua mchezo huo walianza kuuchukua uzito wao mmoja mmoja, na kundi likabaki jina tu. Futi alipoingia alitunga sharti moja kali: ndugu wa mteuzi hateuliwi, hata akipendekezwa na mteuzi mwingine. Watu walilipenda sharti hilo. Imani ikarudi, na uzito ukarudi nayo.

Shida ni kwamba Futi alikuwa na dada, na dada huyo alijua kuandika.

Alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mwalimu wa udereva, mwenye gari dogo lililowekwa breki upande wa mwanafunzi na nyingine upande wa mwalimu. Aliandika juu ya wanafunzi wake. Aliandika juu ya mzee aliyeomba radhi kila alipobadilisha gia, na bibi harusi aliyetaka kujua kuendesha kabla ya ndoa ili asije akakosa njia ya kurudi kwao. Aliandika kwamba wanafunzi wapya ni wa aina mbili: wale wanaokiweka kioo cha ndani waone anayekuja nyuma, na wale wanaokiweka wajione wenyewe, na kwamba hao wa pili huchukua muda mrefu zaidi kufuzu.

Futi aliyasoma yote. Alicheka peke yake mpaka wateja waliokuwa wakijaribu nguo nyuma ya pazia wakadhani wanachekwa wao. Mara nyingi kidole chake kilitangulia akili yake: kilibonyeza kura. Kisha akili ikafika, akawawazia watu watakavyosema, akaiondoa. Lakini jukwaa halikusahau. Chini ya chapisho yalibaki maneno mawili mafupi, “Kundi limetoa kura. Kundi limeondoa kura,” na kila mpita njia aliyasoma.

Mwanzoni dada alilifanya jambo hilo utani. Alimwambia kura yake ni kama mgeni anayebisha hodi halafu akakimbia kabla mlango haujafunguliwa. Wanachama nao walilichukua kwa uzito tofauti. Waliandika kwamba Futi hana upendeleo, kwamba damu kwake si nzito kuliko maji, kwamba laiti wangekuwapo wengine kama yeye. Futi aliyasoma maneno hayo akipiga pasi, na mara moja aliyasoma mpaka akaunguza kola ya shati la mtu.

Mama yao alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Dada alinyamaza muda mrefu, halafu siku moja akatoa chapisho aliloliita “Mwanafunzi Aliyechelewa”.

Alieleza jinsi mama yao, ujane ulipomzoea na magoti yakaanza kulalamika, alivyomwomba amfundishe kuendesha gari, kwa sharti kwamba kaka asiambiwe mpaka leseni ipatikane. Walijifunzia kwenye uwanja wa soko siku ambazo soko limefungwa. Siku ya kwanza mama alikigeuza kioo cha ndani mpaka akauona uso wa binti yake. Alipoambiwa kwamba kioo ni cha barabara, alijibu kuwa barabara ipo mbele yake, ataiona tu, lakini mtoto aliyeketi kando ataonekana wapi. Ikawa vuta nikuvute, mpaka mama akakubali shingo upande.

Asubuhi moja mama alijiona ameiva. Aliendesha mpaka chini ya dirisha la duka la Futi, akasimamisha gari na kupiga honi mara mbili. Mwanawe alikuwa dirishani, pini mdomoni, akimpima mteja. Aliinua mkono bila kuinua macho, kama mtu anavyowapungia madereva wasumbufu wapite. Dada alitaka kushuka amwite. Mama akamzuia, akasema ana kazi, mwache, tutamrudia nikipata leseni. Hakuipata. Maradhi yalimtangulia kwenye mtihani.

Futi alilisoma chapisho hilo akiwa amesimamisha cherehani katikati ya mshono. Aliikumbuka asubuhi ile, au alidhani anaikumbuka, kwa maana honi zilikuwa nyingi na mkono wake ulikuwa umezoea kupunga. Aliona uchungu wa kweli. Akabonyeza kura nzima, uzito wote wa kundi, bila kupunguza chochote. Kisha mteja akasikika akipanda ngazi, Futi akajifuta uso kwa kipande cha bitana, na katika kujifuta huko akawawazia watu. Akaiondoa.

Dada alimpigia simu siku hiyohiyo.

“Kaka, zile nyingine nilicheka,” alimwambia. “Hii usiifanyie hivyo. Siku bado zipo, irudishe.”

Futi alimweleza habari za sharti. Alimwahidi kwamba angempa fedha kutoka mfukoni mwake, kiasi kilekile ambacho kura ingeleta.

“Sikuandika nipate sarafu. Nilikuandikia wewe,” alisema dada. “Nataka ulichokisoma ukikubali mbele za watu. Ukishindwa, sitaandika tena, maana nitakuwa sijui namwandikia nani.”

Mwokaji na kinyozi nao walikuwa wamelipendekeza chapisho lilelile, kila mmoja kwa wakati wake. Walipoona kura imeondolewa walipanda ngazi za duka la Futi pamoja, mwokaji akiwa bado na unga kwenye nyusi. Walizungumza kwa upole. Walisema wao si ndugu wa mwalimu wa udereva, hawamjui hata kwa sura, na kwamba kama Futi anaogopa, basi awape ufunguo wabonyeze wao, yeye akae pembeni. Futi akatikisa kichwa. Alisema watu hawatajali ni kidole cha nani. Wataona jina la dada yake na kura ya kundi lake.

“Sharti hili alilitunga nani?” akauliza kinyozi.

“Mimi. Na ndilo lililowarudisha watu.”

“Watu watasema nini, kwamba chapisho ni baya?” akauliza mwokaji.

Futi aligeukia meza ya kukatia. Alichukua chaki akaanza kuchora mstari juu ya kitambaa, na wenzake, waliojua kwamba fundi akishaanza kukata hasemezwi, wakashuka ngazi.

Siku zilizobaki alijikaza kisabuni. Alifungua chapisho na kulifunga, akaweka kidole juu ya kitufe na kukitoa. Siku ya saba ilipopita, mlango wa malipo ulifungwa na “Mwanafunzi Aliyechelewa” likabaki na kura chache za wasomaji wa kawaida. Wanachama walikuwa wamefuatilia yote. Sifa zikamiminika. Waliandika kwamba mtu huyu hakuyumba hata mbele ya mama yake mzazi. Waliokuwa bado nje waliuleta uzito wao, na kundi likawa zito kuliko lilivyowahi kuwa. Futi alivishwa kilemba cha ukoka, naye akakitengeneza vizuri kichwani.

Kesho yake dada alifika dukani. Alikuja kuchukua sketi aliyoiacha kupunguzwa kiuno, na Futi, aliyekuwa amejiandaa kwa kelele, alishindwa la kufanya alipoona kelele hazipo. Alimfungia sketi. Akamwambia, kwa sauti ya mtu anayejitetea kabla ya kushtakiwa, kwamba lau angeiacha kura ile angekuwa hana tofauti na wateuzi wa zamani.

“Wale waliwapendelea mashemeji zao,” alisema dada akipokea mfuko. “Wewe umempendelea Futi.”

Akashuka ngazi. Futi alisimama dirishani, akalitazama lile gari dogo likiondoka, akasubiri honi. Haikupigwa.

Alikaa kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo hakuwa na mazoea ya kukaa, akausoma tena mlolongo ule wa sifa. Safari hii alizisoma kama mgeni. Katika zote hakuna hata moja iliyolitaja chapisho. Hakuna aliyeandika neno juu ya mama, wala uwanja wa soko, wala kioo. Wote walikuwa wakimzungumzia yeye. Hapo akaona aibu, na aibu hiyo haikuhitaji shahidi. Alibonyeza kura, uzito wote, na safari hii hakuiondoa. Jukwaa likamjibu kwa adabu: “Kura imepokelewa. Muda wa malipo umekwisha.” Chini yake akaandika kwamba chapisho hili ni zuri kuliko yote aliyowahi kuyasoma pale, kwamba alilijua hilo tangu mwanzo, na kwamba aliyepungiwa mkono dirishani alikuwa mama yake.

Wengine walimsifu kwa hilo pia. Wengine waliuchukua uzito wao na kuondoka. Futi alimkabidhi mwokaji ufunguo, na wenzake wakalirekebisha sharti: ndugu wa mteuzi atateuliwa na wale wasio ndugu zake, basi, kama ilivyopasa kuwa tangu mwanzo. Lakini dada alikuwa mtu wa neno lake. Wasomaji waliuliza mara kwa mara habari za mwalimu wa udereva, wakamtaka arudi na vituko vyake. Hakurudi. Maneno ya kaka yake aliyaona, akamwambia kwamba ameyaona, na akaishia hapo.

Baada ya miezi kadhaa Futi alimwendea akamwomba amfundishe kuendesha gari. Dada akasema ada yake ni ileile wanayolipa watu wote. Wakaenda uwanja wa soko, siku ambayo soko lilikuwa limefungwa. Futi aliingia upande wa dereva, akakisogeza kiti mbele, akafunga mkanda, akainua mkono akakiweka sawa kioo cha ndani, kwa makini, kama anavyoweka kola. Akasema yuko tayari.

“Unaona nini kwenye kioo?” akauliza dada.

Futi alikitazama. Kisha akasema ukweli.

“Najiona mwenyewe.”

Dada hakucheka. Alinyoosha mkono akakigeuza kioo taratibu, mpaka uwanja wote wa nyuma ukaonekana, akamwambia awashe gari. Futi aliwasha, na gari likajivuta mbele kwa kigugumizi. Alikuwa amewasimanga wengi kwa methali ile bila kujua kwamba na yeye ameketi upande mmoja wa ngoma, akivuta. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.