Wiki Iliyokatwa kwa Kalamu Nyekundu

Chungu kifudifudi hakikosi neno. Mpishi kawaambia hivyo leo asubuhi, mkacheka, kisha mkaja kumsumbua mzee Masima kwa kuwa mnamwona hana kazi. Haya, sogezeni viti, na simu zenu zikae mfukoni. Msemo huu si wa enzi za mababu. Una miaka kumi na tisa tu, na chanzo chake ni chuo hikihiki, siku ratiba ilipokatwa.

Dakta Sekelaga alikabidhiwa kazi ya kuandaa mpango wa ufadhili. Vijana kumi na wawili waliohitimu vyuo vikuu, kutoka nchi tano, wafundishwe hapa wiki sita, kisha wapelekwe vijijini kusimamia miradi ya maji, afya na kilimo. Mama yule alikuwa mchapakazi, tena mwenye roho nzuri. Msidhani nawasimulia habari za mtu mbaya. Aliwachagua mwenyewe, akizisoma barua zao za maombi mpaka macho yakamwasha.

Aliyempenda kuliko wote ni Barasa, mhandisi wa maji kutoka Bungoma, Kenya. Kijana mpole, akikusalimu anavua kofia. Kabla hajasafiri, mama yake alipiga simu chuoni.

"Mwalimu, sina mwingine ila huyo."

"Usiwe na wasiwasi, mama," Sekelaga alimjibu. "Nitamrudisha mwenyewe hadi mlangoni kwako."

Sasa sikilizeni. Katika ratiba, wiki ya sita iliitwa wiki ya kukaa. Kijana aende kijiji atakachofanyia kazi, asibebe kipimo wala daftari. Ateke maji na wenyeji, ale nao, aulize kila asichokijua, kisha arudi. Basi wafadhili wakaandika kwamba watakuja kuzindua mpango wiki moja kabla ya siku iliyopangwa. Sekelaga akaikodolea macho ratiba yake. Somo la kuandika ripoti halikatiki, wenyewe wanataka ripoti. Bajeti haikatiki. Akachukua kalamu nyekundu, akaipiga mstari wiki ya kukaa.

"Kukaa watakaa wakishafika," alimwambia dereva wake.

Dereva aliona hilo si jema. Lakini mkubwa keshasema, naye akafyata mkia.

Barasa akapelekwa Mwitima, kijiji kikavu ambako wanawake hutembea nusu siku kufuata maji. Alipima kila mahali kwa vyombo vyake. Vyombo vikamwonyesha kwamba maji ya karibu yako penye uwazi mmoja, jirani na nyumba ya Bibi Mwaja, mjane. Katikati ya uwazi ule palikuwa na chungu kikuukuu, kimelazwa kifudifudi. Siku ya sita Barasa alikiinua kwa mikono miwili, akakiweka kando taratibu kisivunjike. Wachimbaji, vijana wa palepale kijijini, wakatazamana, wakashika majembe.

Siku ya tisa alishuka shimoni mwenyewe kupima kina. Mchanga wa chini ukakatika, kuta zikaporomoka. Walimfukua siku mbili. Lahaula! Kijana wa miaka ishirini na sita, walimtoa na futi yake ya kupimia mkononi.

Sekelaga alifika Mwitima na gari la chuo. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Mwaja, aliyekuwa amekaa chini mlangoni pake.

"Bibi, wanasema mahali pale palikuwa na mwiko."

"Mwiko gani, mwanangu? Pale ardhi ilimmeza mume wangu. Alichimba kisima, mchanga ukamfunika, hata hatukumpata. Kwetu, pakimmeza mtu, mjane hulaza chungu. Anayetaka kujua huja akamuuliza mwenye chungu. Mwenyewe hatangulii kusema. Kumtaja aliyemezwa bila kuulizwa ni kumwitia mwenzake."

"Na wachimbaji? Mbona hawakumzuia?"

"Wamzuie vipi? Mtu akiinua chungu, watu wanajua kaniuliza, nami nimempa ruhusa. Nani aliwahi kukiinua bila kuuliza?" Bibi alifuta macho kwa ncha ya khanga. "Siku nne nilikaa hapa nikimngoja. Alipita kila asubuhi. 'Shikamoo bibi.' 'Marahaba, mwanangu.' Nikasema moyoni, leo ataniuliza. Akapita na vyombo vyake. Siku ya tano binti yangu kijiji cha pili akashikwa na uchungu, nikaenda. Niliporudi nikakuta kilio."

Sekelaga akapiga magoti. "Kosa ni langu. Hakufundishwa kuuliza. Siku za kuuliza nilizikata mimi."

Bibi Mwaja aliinuka. Akaingia ndani, akatoka na vyungu viwili. Kimoja akaenda kukilaza kando ya kile cha mumewe. Cha pili akamkabidhi Sekelaga.

"Hiki kakipeleke chuoni kwenu," alisema. "Shimo hili mlianza kulichimba huko."

Sekelaga alimrudisha Barasa hadi mlangoni kwa mama yake, kama alivyoahidi. Yule mama hakumtukana. Aliuliza tu, "Mwalimu, alikuwa amekosa nini?" Sekelaga aliporudi chuoni, wiki ya kukaa aliirudisha, akaandika iwe ya kwanza, isikatwe hata aje nani.

Na dereva aliyefyata mkia? Ndiye huyu mnayemtazama. Jeneza lile nililisafirisha siku mbili, na nyuma nilimsikia Dakta akiliomba msamaha sanduku.

Eti methali mmeuliza, hongereni. Lakini mna siku tatu mnaingia na kutoka ukumbini humu. Pale mlangoni kuna nini? Jana mmoja wenu kakisukuma kwa mguu ili aegeshe begi lake. Nilikuwa nimekaa hapahapa, nikimngoja aniulize. Chungu kifudifudi, wanangu, hakikosi neno.