Mafuta Yaliyogoma Kumwagika

Paukwa.
Pakawa.
Chungu kiko wapi?
Kiko jikoni, kinachemka.
Basi sogeeni motoni, aliye mbali asije akaganda kabla sijamaliza.

Hapo kale alikuwako binti wa pwani akiitwa Mwatime. Akaposwa na kijana wa milimani, kule ambako watu huamka wakipumua moshi na nyasi zimeota mvi za umande ulioganda. Watu wa kule walikuwa na desturi yao. Bibi harusi huja na kibuyu cha mafuta ya kwao, akammiminia mavyaa wake miguuni. Yakimiminika, ni mtoto wa nyumba. Yasipomiminika kabla ugali haujaepuliwa, hurudishwa kwao na kibuyu chake.

Mwatime akakuna nazi, akakamua tui, akapika mafuta maangavu kama machozi. Akajaza kibuyu. Akapanda mlima, akapanda, akapanda, na baridi ikazidi, ikazidi, ikazidi.

Akafika. Mavyaa, Mama Shekiondo, akanyoosha miguu. Mwatime akainamisha kibuyu. Kimya.

Wifi mkubwa akakitikisa. Kimya. Wifi wa kati akachungulia ndani, akasema bibi harusi kaleta chokaa, kwani wao ni ukuta wa kupakwa? Wifi mdogo, mwenye huruma, akadhani mafuta yameona haya mbele za watu, akakitoa nje yapigwe na upepo kidogo. Maskini, ndiyo kwanza yakashupaa.

Jikoni ugali ulishaanza kukaza mwiko. Mwatime akaenda kujiinamia huko, machozi yakimtoka, maana yule kijana alimpenda kwelikweli.

Kwenye majivu ya moto alilala paka. Akafumbua jicho moja.

"Bibi harusi, asubuhi juu ya paa mimi hukakamaa kama kuni. Nikilala hapa, nalegea mpaka mkia. Nimekuwa paka mwingine?"

"Hapana. Ni wewe yuleyule."

"Basi lete kibuyu, kilale nami."

Kibuyu kikalala, kikalala, kikalala. Mwiko wa mwisho ukigeuzwa, Mwatime akakinyakua, akakimbilia kwa mavyaa. Mafuta hayo, tiriri, tiriri, mpaka kisiginoni.

Lakini Mama Shekiondo akavuta miguu. "Sasa hivi kilikuwa jiwe. Kitu kinachogeuka hivi ni jini. Mfungieni mizigo yake."

Mwatime akarudi jikoni, akaja na kifuniko cha chungu cha maharage. Kilikuwa kinadondosha matone.

"Mama, haya ni nini?"

"Maji."

"Nani kayamwaga kifunikoni?"

"Hakuna. Yamepanda na mvuke."

"Na mvi za nyasi asubuhi, jua likiwaka?"

"Huwa maji."

"Maji yenu huganda, hutiririka, hupaa, nanyi mnayanywa. Mafuta yangu yameganda mara moja tu, tayari ni jini?"

Mama Shekiondo akacheka mpaka akashika mbavu. Akarudisha miguu. "Mimina, mwanangu. Na usibanie."

Basi wajukuu, kitu kikibadili umbo msikikimbie. Kiulizeni kwanza kimetoka kwenye baridi au kwenye joto. Na paka je? Usiku huo alilamba miguu ya Mama Shekiondo yote miwili, akadai ndio ujira wake.

Hadithi yangu imeganda hapa. Mwenye moto aiyeyushe.