Mzee Nyati Katika Banda la Mbwa

Hapo zamani za kale, yaani leo asubuhi kabla sijanywa chai, mimi mjomba wenu nilikuwa nimepiga magoti mbele ya banda la mbwa, makalio juu, nikimbembeleza mbwa anirudishie meno yangu.

Meno yenyewe ni ya bandia. Niliyatengenezesha Lubumbashi, na kila nikilala nayaweka kwenye glasi ya maji dirishani. Mbwa wangu Tumbaku namfungulia usiku alinde, kukicha namfunga bandani. Leo, kabla sijamfunga, akapita dirishani, chwap, akaingia nayo bandani, akayalaza chini ya kidevu chake na kunitazama kama yeye ndiye mwenye nyumba.

"Tumbaku, mwanangu, tusielewane vibaya," nilikuwa namwambia, lakini kwa kinywa kisicho na meno maneno yalitoka kama uji.

Nikasikia vicheko nyuma yangu. Sekela, mpwa wangu wa miaka tisa, amesimama na wenzake wawili.

"Shikamoo, mjomba. Unasali?"

Nikayanyakua meno, nikayasuuza kwa maji ya moto, nikayavaa, nikafunga mlango wa banda kwa hasira. "Mbwa huyu ana wazimu," nikasema. "Anachimba mashimo, anaiba viatu, anazunguka kama pia. Nimeshamwambia jirani aje jioni amchukue. Na msidhani sijui mbwa. Nimekaa Bujumbura, nimekaa Maskati, Mombasa nilifukuzwa kabisa. Mbwa nawajua."

"Na meno nayo wanayajua," akasema Sekela.

Mtu akishaaibika hivyo, hana budi kutafuta mpumbavu mkubwa kuliko yeye awasimulie watu. Nikampata. Kaeni hapo kwenye kuni, niwape habari za Mzee Nyati.

Mzee Nyati alikuwa na kichwa kikubwa kuliko vyote kijijini, na nafasi iliyokuwa wazi ndani yake ilikuwa kubwa vilevile. Alikuwa na nyumba ya bati, mke aitwaye Mama Ndama, na mbwa. Mbwa alimpa jina Watajijua, si kwa sababu nyingine bali kumchoma jirani yake Faru. Kila Faru akipita, Nyati anasimama uani na kuita, "Watajijua! Watajijua, njoo!" hata kama mbwa amelala miguuni pake.

Siku moja Nyati aliambiwa kwamba mbwa akifungwa mchana kutwa, usiku huwa mkali. Basi akajenga banda la mbao lenye paa la bati, bila dirisha, akamtia Watajijua ndani na mnyororo shingoni. Akaambiwa tena kwamba mbwa akilishwa pilipili huzidi ukali. Basi kwenye ugali wa mbwa akawa anatwanga pilipili kumi. Baada ya miaka miwili ya ujuzi huo, mbwa akawa na vituko.

Alizunguka mara tatu kabla ya kulala. Alichimba sakafu, kra kra kra. Alitafuna mlango. Alikimbiza mkia wake mwenyewe kutwa nzima. Kiatu kikianikwa karibu na banda alikivuta kwa kucha kupitia upenyo wa chini, akakilalia. Akitolewa usiku, alizunguka ua kwa mbio, vuuu, vuuu, akipindua ndoo na masufuria, kisha akala nyasi na kuzitapika kwenye kizingiti cha Mama Ndama.

"Amerogwa," akasema Mama Ndama.

"Ni Faru huyo," akasema Nyati.

Sasa, kulikuwa na Chui, ambaye alijitangaza kuwa mganga wa mbwa wenye wazimu. Mbwa saba walikuwa wamepelekwa kwake kutoka vijiji vya jirani. Chui alisema wote wamepona, na kweli hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Nyati akampelekea ujumbe. Chui akajibu: "Kesho saa tisa nakuja kumchukua mgonjwa. Msimlishe pilipili leo. Inaharibu dawa."

Aliyeusikia ujumbe huo ni Bi Nguchiro, aliyekuwa akiishi chini ya lundo la kuni, kajinyama kadogo ka kutosha kuingia kwenye kata ya maji. Bi Nguchiro alikuwa rafiki wa mbwa. Mvua ikinyesha alipenya kwenye upenyo, akalala kwenye manyoya yake. Akaenda mbio mpaka bandani.

"Watajijua, kesho Chui anakuja kukuchukua."

Mbwa akalaza masikio. Halafu akasema, "Nimewakosea nini?"

"Wanasema una wazimu. Hebu niambie, kwa nini unazunguka kabla ya kulala?"

"Babu zangu walilala porini. Unazunguka, unalaza majani, unamtoa nyoka."

"Na kuchimba?"

"Bati linawaka mchana. Udongo wa chini una baridi."

"Viatu je?"

Mbwa akaona haya. "Vina harufu yao. Kutwa nzima sioni mtu, dada."

"Nyasi?"

"Wewe umewahi kula pilipili kumi?"

"Na mkia?"

"Huo," akasema mbwa, "ndio kitu pekee kinachotembea humu ndani."

Bi Nguchiro akakuna sikio. "Umewaambia haya?"

"Kila siku. Nikiwaambia, Mama Ndama ananimwagia maji, anasema kelele zako."

Asubuhi yake Mzee Nyati alikuwa uani akipiga mswaki, povu hadi kifuani. Bi Nguchiro akapita mbele yake kama mtu mwenye haraka.

"Shikamoo, mzee. Sina nafasi ya kusimama, namfuata Faru."

Mswaki ukasimama. "Faru wa nini?"

"Mambo ya bandani kwako, mzee. Mbwa wako haumwi. Mna kitu humo bandani, na hicho ndicho kinachomchezea. Leo Chui akimchukua mbwa, kile kitu kitatafuta pa kwenda. Nyumba iliyo karibu ni yako."

Nyati akameza povu.

"Kinaondoka kwa njia moja tu," Bi Nguchiro akaendelea. "Kikaliwe. Anahitajika mzito, mwenye moyo, akae humo tangu asubuhi hadi saa tisa. Kijiji kizima nimemwona Faru peke yake."

"Faru!" Nyati akatema povu. "Faru anaogopa kuku. Mimi nitakikalia, mimi, mpaka kiombe radhi."

"Hapana, mzee, ni kazi ngumu. Inabidi uvae mnyororo ule ule, na ule chakula kile kile."

"Leta."

"Na mlango ufungwe kwa nje."

"Nimesema leta."

Bi Nguchiro akamgeukia Mama Ndama, akashusha sauti. "Mama, sikiliza vizuri. Kile kitu kikizidiwa kitasema kwa sauti ya mzee. Kitasema nifungulie, kitasema nakufa, kitatukana. Usikisikilize. Si yeye anayesema."

"Kikitukana nitakijua," akasema Mama Ndama. "Mzee hutukana kwa heshima."

Mbwa akatolewa, akafungwa kivulini chini ya mgomba. Mzee Nyati akaingizwa kinyumenyume. Banda lilimbana kama soksi. Mnyororo, chwaa. Komeo, ko.

Saa tatu kulikuwa shwari. Nyati alikuwa ananguruma taratibu, akijisifu.

Saa nne bati likaanza kupata moto. Kukasikika kra, kra, kra.

"Anachimba," akasema Mama Ndama, akasogea nyuma.

Saa tano akaletewa ugali wake na pilipili kumi. Akameza tonge la kwanza, kisha ukapanda mlio ambao kijijini haukuwa umesikika tangu vita. Ulimi mrefu ukatoka kwenye upenyo wa chini, ukatafuta, ukang'oa nyasi zote zilizokuwa mlangoni.

"Anakula nyasi," akasema Mama Ndama.

"Nyati hula nyasi," akasema Bi Nguchiro.

"Hizi amezitapika."

Saa sita Nyati akatangaza kwamba ameshashinda, na kwamba anaweza kutoka. Mama Ndama akakumbuka maagizo, hakujibu. Nyati akaomba. Akabembeleza. Akapiga kelele hadi mbao zikatetemeka. Mama Ndama akachota ndoo ya maji na kuimwaga juu ya banda, pwaaa.

"Kelele zako," akasema.

Kuanzia hapo Nyati akawa anazunguka, kadiri banda lilivyomruhusu. Akatafuna mlango. Saa saba, kandambili ya Mama Ndama iliyoanikwa karibu ikaonekana ikitembea yenyewe kuelekea kwenye upenyo, ikazama. Mama Ndama akachungulia, akamwona mumewe wa ndoa ya miaka ishirini amekumbatia kandambili, anainusa, machozi yanamtoka.

"Mama Ndama," akasema kwa sauti ndogo. "Kaa hapo nje tu. Usiseme kitu. Kaa tu nikuone miguu."

Mama Ndama akapiga yowe, kijiji kikajaa uani. Faru alitangulia, tena akiwa amevaa vizuri. Akainama, akachungulia, akainuka taratibu kama mtu aliyetoka kunywa kitu kitamu.

"Ndugu zangu," akasema, "jirani yetu amepata wazimu. Nasikitika sana."

Saa tisa Chui akaingia na gunia na kamba. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Bandani," akasema Mama Ndama huku akilia. "Bwana mganga, anazunguka, anachimba, anakula nyasi na kutapika, ametafuna mlango, ameiba kandambili yangu na kuilalia."

"Dalili zote," akasema Chui, akijilamba. "Wazimu uliokomaa. Huyu tukichelewa atawaambukiza watoto." Akakunjua gunia, akasogea hadi bandani, akachungulia kwenye upenyo.

Jicho jekundu likamtazama. Juu ya jicho kulikuwa na pembe.

Chui akalikunja gunia taratibu.

"Huyu hana wazimu," akasema.

"Lakini umesema dalili zote," akasema Mama Ndama.

"Huyu amechoka kukaa ndani tu. Joto, chakula kibaya, upweke. Mfungulieni, atapoa. Mimi niliitiwa mbwa." Akamwangalia Watajijua pale kivulini. "Yule ndiye mwenye wazimu. Nipeni niende naye."

Mbwa alikuwa amelala usingizi wa amani, mdomo umefunguka, tangu asubuhi hajafanya kituko hata kimoja. Watu wote walimgeukia, wakamwona.

"Dalili za huyu ndizo zile zile za mzee," akasema Bi Nguchiro kutoka juu ya kuni. "Bwana mganga, mmoja amechoka na mwingine ana wazimu. Tofauti yao ni nini?"

Chui akaanza kurudi nyuma.

"Ni pembe," akasema Bi Nguchiro. "Mfungulieni mzee, aje amuulize mwenyewe wale mbwa saba wako wapi."

Mama Ndama akavuta komeo, akafungua na mnyororo. Chui hakusubiri swali. Alipita juu ya ua, gunia likabaki limening'inia kwenye miiba.

Wala Nyati hakumfukuza. Alitoka, akasimama, akapigwa na upepo, na mara akatimua mbio kuzunguka ua, vuuu, vuuu, vuuu, akapindua ndoo, masufuria, kichanja cha vyombo na Faru. Aliposimama alikuwa anahema, na uso wake ulikuwa wa furaha kabisa.

"Hata mbio hizo tuliziita wazimu," akasema Bi Nguchiro.

Nyati akakumbuka ukubwa wake. "Wewe! Humo bandani hamna kitu."

"Hamna."

"Umenidanganya."

"Mimi nimekudanganya kwa saa sita tu, mzee. Wewe umejidanganya miaka miwili."

Nyati akarudi hadi bandani. Akautazama mnyororo, akamtazama mbwa. Akajisugua shingo. Mwishowe akaenda chini ya mgomba na kumfungua Watajijua kwa mikono yake, akaliinua lile banda na kulivunja kwa goti, paaa, mbao zikawa kuni za Mama Ndama.

Mbwa akanyoosha mgongo, akazunguka mara tatu karibu na kwato za bwana wake, akalala. Kandambili hakuigusa, mwenye harufu alikuwa pale pale. Pilipili zikarudi jikoni. Na usiku mwizi alipokuja, mbwa aliyepumzika vizuri mchana alimuuma inavyotakiwa.

Msidhani Nyati alipata akili. Kesho yake alikuwa barabarani akimweleza kila apitaye jinsi yeye, kwa utafiti wake mwenyewe, alivyogundua tabia za mbwa. Wapumbavu wa aina hiyo hawaponi. Wanabadilisha hotuba tu.

Basi, ukiona mnyama wako ana wazimu, kaa kwanza pale ulipomweka.

Nikanyamaza, nikangoja waseme nimesimulia vizuri. Wale wenzake wawili walikuwa wanacheka. Sekela hakucheka. Alikuwa anaangalia banda la Tumbaku, ambamo kulikuwa kunasikika kra, kra, kra.

"Mjomba, Tumbaku anatoka saa ngapi?"

"Usiku. Yule ni mbwa wa ulinzi, mama, usimlinganishe na..."

"Meno yako aliyalalia, au aliyatafuna?"

Nikapitisha ulimi kwenye meno. Hayakuwa na hata mkwaruzo. "Aliyalalia," nikasema.

Watoto watatu wakanitazama. Kwa kweli mtu mzima hapaswi kutazamwa hivyo uani kwake.

"Haya," nikasema, nikitafuta pa kushika. "Tuseme nimemfungulia. Na jirani akija jioni na kamba yake kumchukua mwenye wazimu, nimwambie nini?"

Sekela alikuwa ameshasimama, mkono kwenye komeo.

"Mwambie wazimu ulikuwa wako, na umekwisha."